Skrini Kwanza, Mbao Baadaye

Mazungumzo haya yalitolewa jioni moja katika karakana ya seremala mtaani Tudor, Mombasa, mbele ya vijana na wazee waliotaka kujiundia kabati la gemu nyumbani, yaani sanduku la mbao lenye skrini, vitufe na kompyuta ndani, la kuchezea gemu za zamani. Yameandikwa kama yalivyosemwa, ila pale fundi aliporudia maneno pamepunguzwa.

Assalaam aleykum. Hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi pale kwenye benchi la randa, shikamooni, na mniwie radhi kwa vumbi. Mwenye karakana ametuazima nafasi, hakutuahidi marashi.

Mimi ni fundi wa runinga. Nimezifungua tangu zile za kisogo, zenye mgongo mkubwa nyuma, ambazo mtu akikuletea dukani waanza kusikia mkokoteni kabla hujamwona yeye, mpaka hizi za leo ambazo mtu aja nazo kwapani kama msala. Nimeitwa niseme juu ya skrini tu. Ya joistiki na vitufe atayasema kijana atakayekuja baada yangu, na ya mbao mnaye mwenyewe hapa.

Niwape kisa cha rafiki yangu wa Mji wa Kale. Jina lake silitaji kwa sababu mkewe bado hajamsamehe. Huyu bwana aliona mchoro wa kabati kwenye intaneti, akaupenda, akanunua mbao siku hiyohiyo. Akakata, akapiga msasa, akapaka rangi mara mbili, kabati likang'aa. Upana wa ndani inchi 24. Ndipo akaenda kutafuta skrini, akarudi na runinga ya inchi 32, kwa kuwa muuzaji alimwambia kubwa ndiyo tamu. Runinga pana ya inchi 32, kioo chake peke yake kina upana wa inchi 28 kasoro kidogo, na hapo hujahesabu fremu. Haikuingia hata kwa ubavu.

Akabomoa. Akaunda jingine, mara hii pana, likatosha. Sasa ngazi za nyumba za Mji wa Kale mwazijua, nyembamba kama koo la kuku, na zapinda pale hasa ambapo hutaki zipinde. Watu wanne walilibeba kabati lile, wakafika kwenye pindo, wakasimama. Wakaligeuza, wakalilaza, wakalisimamisha kichwa chini. Mpaka leo lakaa chini dakani, limefunikwa leso, na kila mgeni akiingia huuliza kama ni jokofu.

Ndiyo maana nawaambia skrini kwanza. Inunue, iweke mezani, ipime mwili mzima pamoja na fremu na unene, upime na mlango wako na ngazi zako, halafu ndiyo umwite seremala. Skrini huwezi kuipiga randa.

Sasa tuje kwenye umbo, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Nimekuja na tepu ya kupimia na karatasi moja ya A4, na vyote viwili nitavitumia.

Gemu ya Pac-Man ilitoka Japani mwaka 1980, kazi ya kampuni ya Namco. Picha yake ina nukta, vile vidoa vidogo viijengavyo picha, 224 kwa upana na 288 kwa kimo, yaani imesimama wima kama mlango. Galaga ya 1981 ni hivyohivyo. Donkey Kong ya Nintendo, nayo ya 1981, ni wima. Space Invaders ya Taito, 1978, wima pia, na hiyo skrini yake haikuwa na rangi. Kijani mlichokiona kilikuwa karatasi za plastiki zilizobandikwa juu ya kioo. Katika makabati ya gemu hizo skrini ilifungwa ubavu. Zikaja za kupigana, kama Street Fighter II ya Capcom mwaka 1991, nazo picha yake imelala. Lakini ziwe wima au za kulala, karibu zote zilichorewa kioo cha umbo moja, 4 kwa 3, yaani upande mrefu sehemu 4 na mfupi sehemu 3. Nenda dukani leo uombe runinga ya 4 kwa 3 uone utakavyotazamwa. Zote ni pana, 16 kwa 9.

Muuzaji akikwambia hii ni inchi 24, amekupimia kutoka pembe hadi pembe. Inchi za pembe hadi pembe hazikwambii kimo, na gemu za kale zala kimo. Skrini pana ya inchi 24 ina kimo cha inchi 11.8 tu. Weka humo picha ya 4 kwa 3 bila kuivuta, utapata picha ya inchi 19 na nusu hivi, na kila upande utepe mweusi. Sasa chukua ile monita ya ofisi ya zamani, ile iliyo karibu na mraba, inchi 19, yenye nukta 1280 kwa 1024. Picha ileile humo yatoka inchi 18 na nusu, na utepe mweusi juu na chini haufiki nusu inchi. Mmoja amebeba 24, mwingine amebeba 19, na picha zao zimepitana kwa inchi moja. Na kabati la huyu wa 19 laweza kuwa jembamba kwa inchi sita.

Hebu njoo, kijana mwenye fulana ya buluu. Shika karatasi hii, isimamishe wima katikati ya ile skrini pana ya 24. Ibane hapo, usiikunje. Jamani mwaona? Hiyo A4 ndiyo Pac-Man yako yote. Upana wake hautafika inchi 9. Umenunua skrini ya 24, wacheza gemu kwenye karatasi ya mtihani. Ahsante, waweza kukaa.

Kuna wenye dawa yao. Waingia kwenye mipangilio, wavuta picha ijaze kioo chote. Tafadhalini, msifanye hivyo mbele yangu. Pac-Man ni kaimati. Ukimvuta kwa upana awa kitumbua kilichokaliwa, na vile vijini vimfukuzavyo vyawa kama vimevaa kanzu ya mtu mwingine. Na wajuaji nao huteleza upande wa pili. Wasikia Street Fighter II ni nukta 384 kwa 224, wamwambia kompyuta onyesha nukta kwa nukta, sawasawa kabisa. Ukifanya hivyo wapiganaji wote wanenepa, kwa sababu nukta za gemu ile hazikuwa mraba. Wachoraji waliwachora wanene makusudi, wakijua kioo kitawabana. Iache programu ibane iwe 4 kwa 3, ndivyo walivyotaka wenyewe.

Anayependa za wima peke yake, jibu lake ni jepesi. Ageuze skrini, isimame. Ile 24 ikisimama, picha ya Pac-Man yafika upana wa inchi 11.8 na kimo cha inchi karibu 16, tena ya kushiba. Lakini hapa pana mtego. Skrini nyingi za bei nafuu ni za aina ya TN. Ukizitazama kutoka chini rangi zageuka, nyeusi yawa kijivu, uso wa mtu wawa kama hasi ya picha ya zamani. Ikiwa imelala hilo halikusumbui, maana hakuna achezaye gemu akiwa sakafuni. Ukiisimamisha, ule ubaya wa chini wahamia ubavuni. Mchezaji wa kushoto aona rangi zake, wa kulia aona kivuli. Kwa hiyo ukitaka kugeuza, tafuta ya IPS, aina ambayo rangi zake hazigeuki hivyo. Na kama hujui maandishi hayo yapo wapi, iwashe dukani, inamisha kichwa, itazame kutoka chini kabisa. Watakuona kama umechanganyikiwa. Waache.

Je, kisogo? Nilijua wazee wataniuliza, hata kabla sijafika nimeulizwa nje.

Kisogo ni kizuri. Sitawadanganya kwamba flati yoyote, yaani hizi bapa za leo, yafikia kisogo kwa gemu za zamani. Mle ndani mna bunduki yapiga miali ya elektroni kwenye kioo mstari kwa mstari, mistari elfu 15 na mia kadhaa kwa sekunde, na gemu zile zilitengenezwa kwa kasi hiyohiyo. Picha haingoji, yaingia yatoka. Ile mistari myeusi myembamba mnayoiona kati ya mistari ya picha ndiyo iliyozilainisha nukta, mchoraji akaihesabu kama sehemu ya mchoro wake. Na kuna gemu kama Asteroids ya Atari, 1979, ambayo haikuwa na nukta hata moja. Miali ilichora ile mistari yenyewe kama mtu achoraye kwa kalamu ya moto. Ile risasi yake yang'aa mpaka yachoma jicho, na mwanga ule flati hauuweki.

Mwaka 2015 matangazo ya analogi yalipozimwa Kenya, nililetewa visogo mpaka nikawa sina pa kupita dukani. Watu walidhani vimekufa, kumbe vilihitaji king'amuzi tu. Vingine vilitupwa, vingine viko mvunguni mwa vitanda vya bibi zenu mpaka sasa. Ukikipata, Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ina tundu la sauti ambalo pia hutoa picha. Wahitaji waya wake wa pete nne, uchomeke kwenye lile tundu la njano. Jambo la kuangalia ni kwamba sisi huku tulifuata mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, na gemu nyingi zakimbia 60. Runinga nyingi zilizouzwa huku zakubali yote mawili. Ikiwa yako haikubali, picha yapanda juu bila kukoma au yatoka bila rangi. Ijaribu kabla hujailipia.

Lakini nisikilizeni hapa, na wewe kijana weka simu. Kisogo msikivue ganda lake. Najua michoro yaonyesha kioo kitupu kimefungwa kwenye mbao, chapendeza. Kwenye ile kofia ya mpira juu ya kioo hukaa volti 20,000 na zaidi, na hukaa hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa fundi, niliifungua moja iliyokuwa imezimwa tangu asubuhi. Nilipeleka bisibisi bila kuitoa chaji kwanza. Nakumbuka mlio, kisha nakumbuka niko upande wa pili wa duka nimekaa juu ya redio ya mteja. Mwalimu wangu hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza redio iko vipi. Mkono huu kidole hiki cha pete hakikunjiki vizuri mpaka leo. Kwa hiyo ukitaka kisogo, unda kabati kubwa, kiingize kizima na plastiki yake, ufiche fremu kwa ubao mweusi. Na ujue ya inchi 29 yapita kilo 40 na yataka karibu nusu mita nyuma yake. Rafu iwe ya mbao nene, na mtoto asiweze kulivuta kabati likamwangukia.

Kwa wengi wenu, nasema wazi, chukueni monita ya mraba ya mtumba. Zatoka ofisi za Ulaya zikiwa zimepangwa kama mikate. Hii hapa ya inchi 19 nilinunua shilingi 3,000, na muuzaji alidhani amenipata yeye. Ukibahatika kuona ya inchi 20 yenye nukta 1600 kwa 1200, usiulize mara mbili. Hiyo ni 4 kwa 3 kamili, na picha ya nukta 320 kwa 240 yaingia humo mara tano sawasawa bila kubaki chenji, kila nukta yawa mraba safi wa tano kwa tano.

Ukienda kununua mtumba usiende mikono mitupu. Beba kompyuta yako. Weka picha nyeupe kioo kizima, utafute nukta zilizokufa na madoa. Hizi za zamani zamulikwa na mirija, na mirija ikichoka nyeupe yawa rangi ya chai ya maziwa. Iache iwake dakika kumi, maana mwanzo huwa yadanganya. Kisha geuza utazame matundu ya nyuma. Hapa kwetu hewa ina chumvi, na monita iliyokaa karibu na bahari utaona kijani kwenye pini za VGA, lile tundu la zamani la waya wa picha. Kijani kidogo husafishika kwa spiriti, kikiwa kingi iache. Na ikiwa ina tundu jingine la picha, la DVI, furahi, kwani waya wa HDMI kwenda DVI ni waya tu, hauhitaji kigeuzi katikati. Sauti ndiyo haipiti vizuri humo, lakini spika si utaweka zako?

Haya, wale wa runinga ya 32. Sikuwakataza. Watu wawili wakisimama bega kwa bega wataka nafasi, na 32 pana yatoa picha ya 4 kwa 3 ya inchi 26, ukubwa kama wa makabati makubwa ya wakati ule. Kama ngazi zako zaruhusu, chukua. Tatizo la runinga ni uchelewaji. Runinga ya leo yapokea picha, yailainisha, yaiongezea rangi, yafikiri kidogo, ndipo yakuonyesha. Kwa taarifa ya habari hujali. Kwa gemu, picha moja kati ya 60 ni milisekunde 16.7. Runinga ikichelewa milisekunde 100, umeachwa nyuma picha sita. Wabonyeza ruka, Mario wa Donkey Kong afikiri, pipa limeshampitia.

Mpwa wangu alinijia analia kwamba vitufe alivyouziwa ni vibovu. Nimebadilisha vitufe mara mbili. Nikabadilisha nyaya. Nikakaribia kubadilisha mpwa. Siku ya tatu nikachukua rimoti, nikaingia kwenye mipangilio ya picha, nikaweka hali ya gemu, ile inayozima mapambo yote. Papo hapo vitufe vikapona. Siku mbili nimehangaika na bisibisi kwa kazi ya rimoti.

Mwataka kupima wenyewe? Ni rahisi. Unganisha kompyuta ndogo na runinga, zionyeshe picha moja. Fungua saa ya kuhesabu sehemu za sekunde, ziweke ubavu kwa ubavu, uzipige picha pamoja kwa simu, mara tano sita. Kwenye picha, saa ya runinga itakuwa nyuma ya ile ya kompyuta. Tofauti hiyo ndiyo uchelewaji, kwa kukadiria. Ikiwa milisekunde 20 au 30, lipa. Ikiwa 80 hata baada ya kuweka hali ya gemu, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Msishangae pia mkiona Mortal Kombat ya 1992 yagugumiza kidogo wakati nyingine zateleza. Ile yakimbia picha 54.7 kwa sekunde, na skrini zetu zakimbia 60. Si ubovu wa skrini wala wako.

Kioo cha juu sina maneno mengi. Kabati likiwa barazani au karibu na dirisha, runinga inayong'aa itakuonyesha uso wako na nyumba ya jirani. Monita ya ofisi haing'ai, hapo tena imeshinda. Na ndani ya kabati pawe na matundu chini na feni ndogo juu. Joto la Machi hapa mwalijua, na skrini iliyofungiwa kwenye sanduku nayo yalijua.

Nimebakisha moja, na hili limenikaa rohoni kwa sababu michoro ya intaneti hailisemi, labda kwa kuwa huko walikoichora stima haiwatoroki kama sisi. Kabati yafaa liwe na swichi moja. Wabonyeza, kompyuta yaamka, skrini yaamka, wacheza. Lakini runinga nyingi, stima ikirudi, hazijiwashi. Zakaa na taa nyekundu zangoja rimoti, na wewe umeshaifungia ndani ya mbao, jicho la rimoti liko nyuma ya ubao mweusi ulioupaka mwenyewe mara mbili. Monita nyingi za ofisi zakumbuka, yaani kama ilikuwa yawaka, stima ikirudi itawaka. Jaribio lake lipo hapahapa, nimewasha zote mbili tangu nilipoanza kusema. Bwana seremala, tafadhali zima pale ukutani. Hesabuni nami mpaka kumi. Haya, washa.

Ngojeni kidogo, kompyuta yaamka. Mwaiona ile ya shilingi 3,000? Pac-Man huyo, aomba sarafu. Na ile runinga nzuri, mpya, ya kung'aa, taa nyekundu. Rimoti yake nimeiacha nyumbani Majengo. Mwenye swali aulize, mwanangu nimeshamtuma aifuate.